Ngiri Bingwa na Mafundo ya Mkanda Wake

Jamani, mpo?

Tupo, na masikio tumekuja nayo!

Niweke?

Weka, tutabeba!

Ikiwa nzito je?

Tutasaidiana!

Haya. Mbaruku, toa mguu wako kwenye ungo wangu, kunde hizo ni za kesho. Na wewe Kidawa, acha kununa. Nimewasikia tangu alasiri mnabishana juu ya huyo bondia wenu wa uzito wa juu mpaka koo zimewakauka. Mbaruku anasema hajapata kutokea bingwa kama yeye, kila anayepanda naye ulingoni anashushwa kwa machela. Kidawa anasema bingwa gani, kapigana na vibonde watupu, angekutana na wale wa zamani angeomba poo raundi ya kwanza. Mmeniumiza kichwa. Sasa nyamazeni niwaamulie kwa ngano, na asiyeridhika akalale.

Hapo zamani za kale, zamani kweli, wanyama walipokuwa wakisemezana na kuombana chumvi, palikuwa na bwawa liitwalo Kitopeni. Kiangazi kikianza, maji ya Kitopeni yalipungua, yakapungua, mpaka jiwe jeusi la katikati likatoa mgongo. Jiwe likishaonekana, kila mmoja alijua kwamba siku ya mieleka imefika.

Desturi yao ilikuwa hivi. Mshindi wa mieleka alivaa mkanda wa ukindu kiunoni, na kila aliposhinda alifunga fundo moja kwenye mkanda. Mwenye mkanda na watu wake ndio waliokunywa kwanza asubuhi, maji yakiwa bado safi. Wengine walifuata na kunywa kilichobaki.

Kanuni zilikuwa mbili tu. Mgongo wako ukigusa ardhi mara tatu, umeshindwa. Ukigeuka ukakimbia, umeshindwa. Basi, hakuna refa wala nini.

Zamani za mababu zao, waliogombea mkanda huo walikuwa Tembo, Kifaru na Nyati. Wadogo walikaa mbali wakatazama vumbi. Walikunywa matope, na miaka mingine hata matope hawakuyapata.

Halafu ukaja mwaka ambao majani yalikuwa haba, wale wakubwa wakafunga safari wakahamia milimani. Kitopeni wakabaki Swala, Mbweha, Kakakuona, Nungunungu, Kanga na jamaa zao. Na Ngiri naye akabaki.

Mnamjua Ngiri. Kichwa kikubwa, meno mawili yametoka nje ya mdomo, akikimbia mkia unasimama wima. Mbele ya Tembo na Kifaru, Ngiri alikuwa si lolote. Lakini Tembo hayupo, Kifaru hayupo, na kati ya waliobaki hapakuwa na mwenye shingo nene kama yake.

Jiwe jeusi likatoa mgongo. Ngiri akaingia uwanjani na Swala. Akainamisha kichwa, akainua mkia, akaenda mbele mbio. Swala chini. Fundo.

Kiangazi kingine, Ngiri na Mbweha. Akainamisha kichwa, akainua mkia, akaenda mbele mbio. Mbweha chini. Fundo.

Kiangazi kingine, Ngiri na Kakakuona. Akainamisha kichwa, akainua mkia, akaenda mbele mbio. Kakakuona, mwili mzima magamba, akaviringika kama dafu lililoanguka mnazini, wakamwokotea kwenye majani huko. Fundo.

Ikawa hivyo miaka nenda rudi. Mkanda ukajaa mafundo, Ngiri akitembea unamgonga mapajani. Na kwa kuwa Ngiri hakuwa mchoyo, mwenyewe alisema wadogo wote ni watu wake, wakawa wanakunywa pamoja asubuhi, maji safi. Watoto wa Kitopeni wakanawiri.

Sasa Ngiri alikuwa na rafiki yake, Nguchiro, mpiga ngoma, mdomo haujui kupumzika. Huyo ndiye aliyemtungia wimbo. Nipigieni makofi, nianze:

Ngiri mbele, Ngiri mbele,
nyuma hakujui.
Kichwa chini, mkia juu,
nani wa kumzuia?

Wimbo ulimwingia Ngiri mpaka mifupani. Akawa anaamini kabisa kwamba nyuma ni mahali pa aibu. Akisahau kitu nyumbani, alizunguka kichaka kizima ili arudi kwa mbele. Pango lake aliliingia kichwa kwanza, mbio, na kila siku alipiga paji la uso ukutani. Mkewe alichoka kumkanda.

Wote waliimba wimbo ule isipokuwa Kanga. Kanga, yule ndege wa madoadoa, mwanamke wa maneno makavu. Wenzake wakipiga makofi, yeye anadonoa donoa chini na kuuliza, "Kamshinda nani?"

"Kamshinda kila mtu," Nguchiro anasema. "Hesabu mafundo."

"Nimeyaona mafundo. Nauliza, kamshinda nani? Swala ana miguu kama vijiti vya kukokea moto. Mbweha ni mwizi wa mayai. Kakakuona ukimkoholea tu anajikunja. Kifaru angekuwepo, huyo Ngiri wako angekuwa anauza mboga."

"Sasa yeye afanyeje? Akamfuate Kifaru milimani akambebe?"

"Sikusema afanye chochote. Nimesema msiniimbishe."

Wakabishana hivyo kiangazi baada ya kiangazi, kama nyie wawili, na mabishano yao hayakumnyima mtu usingizi. Mpaka siku moja alipofika Yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea juu ya mgongo wa Nyati. Akatua juu ya jiwe jeusi, akakunjua bawa moja, akasema:

"Nyati anawasalimuni. Baridi ya milimani imemchosha. Anarudi Kitopeni na kundi lake zima, mwezi ukiandama atakuwa hapa. Anauliza, mkanda anao nani?"

"Anao Ngiri," wakasema wote.

Yangeyange akamtazama Ngiri, akatazama na ule mkanda wake wenye mafundo, akakohoa kidogo. "Basi Nyati anasema hivi. Ngiri akiutoa mkanda kwa heshima, wadogo mtaachiwa kile kijito cha nyuma ya mawe. Akikataa, watapigana. Na akipigana akashindwa, hamtatia mdomo majini mpaka kundi zima lishibe."

Akaruka akaenda zake. 

Kila mmoja alikijua kile kijito. Kilitoka tone baada ya tone, cha kunyonya kwa zamu. Watu wazima wangeponea hapo. Watoto wachanga wasingepona wote. Mama Swala alikuwa amejifungua juzi tu, na mtoto wake bado miguu inamtetemeka. Na kila mmoja alijua vilevile kwamba kundi la Nyati likinywa mpaka likashiba, Kitopeni hubaki uji wa tope, na hapo hata mtu mzima haponi.

Kwa hiyo lile swali la Kanga, ambalo lilikuwa la kuchokozana tu, sasa likawa swali la uhai. Ngiri ni bingwa kweli, au ni bingwa kwa sababu wakubwa hawapo? Kama ni bingwa kweli, apigane. Kama si bingwa, atoe mkanda wakanyonye kijito. Wakikosea, watoto wamekwenda.

Wakakaa kikao. Nguchiro akasema, "Apigane. Mafundo yote yale ni ushahidi."

Kanga akasema, "Atoe mkanda. Mafundo yote yale ni ya vibonde."

Ngiri mwenyewe akainua kichwa. "Mimi naenda mbele," akasema. "Sijui kingine."

Mama Ngiri, mkewe, alikuwa amekaa nyuma ananyonyesha. Akasema, "Nguchiro unahesabu, na Kanga unahesabu. Mmoja anajumlisha, mwingine anatoa. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuwauliza wale walioangushwa. Wao ndio walikuwepo pale vumbini. Kesho mimi nakwenda, na Kanga twende wote, ili usije ukasema nimetia chumvi."

Kanga akakubali. Alikuwa mkali lakini si mwongo.

Asubuhi wakaenda kwa Swala. Mama Ngiri akamuuliza, "Shoga, siku ile na mume wangu, kabla hajakuangusha, wewe ulimfanya nini?"

Swala akatazama kwato zake. "Nisikufiche. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua nilikuwa chali."

Kanga akamkonyeza Mama Ngiri, maana yake ulitegemea nini.

Wakaenda kwa Mbweha. Mama Ngiri akauliza vilevile, "Shemeji, kabla hajakuangusha, wewe ulimfanya nini?"

Mbweha akacheka cheka. "Mimi? Ile ngoma ilinitisha. Nilianguka kabla hajanigusa. Lakini msiwaambie wanangu, nimewaambia tulipigana tangu asubuhi mpaka jioni."

Kanga akakonyeza tena. Wakaenda kwa Kakakuona, naye akawajibu akiwa amejikunja, hata uso hawakuuona. "Nilijikunja," akasema, na hilo likawa jibu zima.

Mama Ngiri akaanza kutembea polepole. Moyo ulimshuka. Alimpenda mumewe, lakini aliwapenda na watoto, na sasa aliwaona kabisa wakiwa kwenye foleni ya kijito.

"Amebaki Nungunungu," Kanga akasema. "Tumalize, twende tukamwambie mzee atoe mkanda."

Nungunungu, yule wa miiba mgongoni, alikuwa mkorofi asiyetaka wageni. Wakamkuta anaguguna mizizi ya muhogo. Na lazima niwaambie, Nungunungu hupigana kinyumenyume. Anakugeuzia mgongo wa miiba, halafu anakujia kwa matako. Siku alipopigana na Ngiri palizuka mzozo, wengine wakisema amegeuka kwa hiyo ameshindwa, mpaka ikakubaliwa kwamba kanuni inakataza kugeuka na kukimbia, na huyu kageuka lakini anakuja.

Mama Ngiri akamwamkia, kisha akauliza, "Kabla hajakuangusha, wewe ulimfanya nini?"

"Nilimchoma," Nungunungu akasema.

Kanga akaacha kudonoa. "Ulimchoma?"

"Miiba mitatu puani. Alikuja mbele kama kawaida yake, kichwa chini, kama hana akili. Nikamchoma. Damu ikatoka. Nikajua huyu atakimbia au atakuja tena kijinga nimmalize."

"Akafanyaje?"

"Hakufanya hata moja. Alirudi nyuma."

Kanga na Mama Ngiri wakatazamana.

"Alirudi nyuma taratibu, macho kwangu," Nungunungu akasema. "Mimi namfuata kwa mgongo, yeye anarudi. Namfuata, anarudi. Halafu ghafla akapiga magoti, akapitisha ile pua yake yenye damu chini ya tumbo langu, huku chini kusiko na miiba, akanibinua. Mara tatu alinifanyia hivyo hivyo. Nilikuwa najua anachofanya na bado akanibinua."

"Mbona sisi hatukuona?" Kanga akauliza.

"Mngeona wapi na vumbi lile? Na Nguchiro alivyoona rafiki yake anarudi nyuma, akapiga ngoma kwa nguvu, akatangaza kwamba ameteleza. Mkaimba." Akatema ganda la muhogo. "Simwiti bingwa. Wala sijui kama atamweza Nyati. Ninachojua, wengine wote aliwashinda kwa shingo. Mimi alinishinda kwa akili."

Mama Ngiri alirudi nyumbani karibu anakimbia. Akamkuta mumewe anajisugua kwenye mti, akamwambia yote aliyoyasikia.

Ngiri akakasirika. "Niliteleza," akasema.

"Hukuteleza, baba Kijino."

"Nguchiro alisema niliteleza. Wimbo unasema nyuma sikujui. Unataka Kitopeni nzima ijue kwamba bingwa alirudi nyuma mbele ya Nungunungu, mtu wa kuguguna mizizi?"

Mama Ngiri hakupandisha sauti. Alimchukua mtoto wao wa mwisho, huyo Kijino, akamweka mbele ya mumewe. Kitoto kikatazama tumbo la baba yake, kikaanza kutafuta maziwa pasipo na maziwa.

"Huyu atakunywa nini mwezi ukiandama," akasema, "wimbo?"

Ngiri akakitazama kitoto kile kwa muda mrefu. Aliogopa, na hakuwa amewahi kuogopa tangu siku ile ya miiba. Mwishowe akasema, "Nenda kamwite Nungunungu."

Nungunungu akaja, akilalamika njia nzima. Kila siku alfajiri alimjia Ngiri kwa miiba, na Ngiri akarudi nyuma. Mwanzoni alijikwaa kwenye visiki, akakaa juu ya siafu, akagonga mti kwa makalio. Kanga alikuwa anatazama na kucheka mpaka manyoya yanamdondoka. Lakini siku zilivyokwenda, Ngiri akaacha kujikwaa. Akaijua njia kwa mkia wake, kutoka uwanjani, kuzunguka bwawa, mpaka kwenye matope anayoogea kila siku, bila kugeuza shingo. Na kila aliposimama, alijifunza kupiga magoti upesi na kuinuka upesi.

Mwezi ukaandama. Nyati akaja.

Jamani, Nyati ni Nyati. Kundi lake lilijaza bonde. Mwenyewe alipoingia uwanjani, pembe zimekutana juu ya uso, ardhi ilisikia. Mama Swala akamfunika mtoto wake ili asione.

"Ndugu Ngiri," Nyati akasema, kwa adabu kabisa, "nimesikia una mafundo mengi."

"Yapo," Ngiri akasema.

"Ya nani?"

 Nguchiro akamjibia Ngiri kwa ngoma. Akaipiga, na wadogo wote, kwa woga na mazoea, wakaimba:

Ngiri mbele, Ngiri mbele,
nyuma hakujui.

Ah, mazoea haya. Wimbo ukampanda Ngiri kichwani, mazoezi yote yakayeyuka. Akainamisha kichwa, akainua mkia, akaenda mbele mbio. Nyati alitikisa shingo tu. Ngiri akapaa, akaja chini chali, puu. Mara moja.

Nguchiro akazidisha ngoma, akidhani ndiyo dawa. Ngiri akainuka, akainamisha kichwa, akainua mkia, akaenda mbele mbio. Nyati akatikisa shingo. Ngiri akapaa, puu. Mara mbili.

Ilibaki mara moja tu. Wale nyati wengine walishaanza kusogelea maji.

Mama Ngiri akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka alipo Nguchiro, akaikalia ile ngoma. Na mnajua makalio ya Mama Ngiri. Ngoma ikanyamaza. Wimbo nao, bila ngoma, ukafa mmoja mmoja.

Katika kimya kile Ngiri akasikia pumzi yake mwenyewe. Akasikia na sauti kavu ya Nungunungu kutoka pembeni. "Pua yako inatoka damu," Nungunungu akasema. "Unakumbuka ulichofanya?"

Ngiri akakumbuka. Akamkazia macho Nyati. Akainua mguu mmoja wa nyuma, akaurudisha. Akainua mwingine, akaurudisha.

"Anarudi nyuma," watu wakanong'ona. Wengine wakaanza kulia. Nguchiro akaziba uso kwa mikono.

Nyati akacheka. Akaja kwa kasi. Ngiri anarudi, Nyati anakuja. Ngiri anarudi, Nyati anakuja. Pembe zilipofika puani, Ngiri akapiga magoti. Pembe zikapita juu hewani, miguu ya mbele ya Nyati ikajikwaa kwenye yale mabega yaliyoinama, na uzito wake wote ukampeleka mbele. Mgongo wa Nyati ukagusa ardhi. Milimani kote haujapata kugusa.

Nyati akainuka, hacheki tena. Sasa akaja polepole, akichungulia. Ngiri anarudi, Nyati anakuja. Ngiri anarudi, Nyati anakuja. Mzunguko wa kwanza wa bwawa, wa pili, jua linapanda, ulimi wa Nyati ukatoka nje. Akachoka kungoja, akajitupa. Ngiri akapiga magoti, akapitisha jino nyuma ya goti lake, akavuta. Nyati chini. Mbili kwa mbili.

Hapo kila mtu alisimama, hata Kakakuona alikunjuka.

Ngiri akarudi nyuma tena. Safari hii hakuzunguka. Alirudi, akarudi, bila kugeuza shingo, mkia unamwonyesha njia, mpaka kwenye matope yake ya kuogea. Juu yamekauka kama chapati, chini uji. Uzito wa Ngiri yanaubeba. Uzito wa Nyati hayaubebi. Ngiri akapita kinyumenyume, kwa hatua nyepesi. Nyati akafuata. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akazama mpaka tumboni.

Akajinyonganyonga pale, hakutoka. Wote wakamngoja Ngiri amalizie. Ngiri akasimama tu mbele yake, anahema.

Nyati akapumua kwa nguvu, akasema, "Basi. Mkanda ni wako." Halafu akasema, "Milimani nimepigana na Kifaru. Tuligongana vichwa mpaka mmoja akachoka. Hakuna aliyenifundisha kitu siku zote hizo. Sasa mnitoe humu, naona aibu."

Wakamtoa, wadogo kwa wakubwa, kwa kamba za mizizi, wakianguka na kuchekana. Asubuhi wadogo wakakunywa kwanza, maji safi. Na kwa kuwa vinywa vyao ni vidogo, lile kundi la Nyati nalo likapata. Mtoto wa Swala alikunywa mpaka akakaa chini mwenyewe.

Mnadhani mabishano yaliisha? Thubutu. Nguchiro alisema sasa imethibitika, hajapata kutokea bingwa kama Ngiri. Kanga akasema Nyati alikuwa na uchovu wa safari, na tope si ngumi. Wangekesha.

Ngiri akawanyamazisha kwa kufungua mkanda wake. Akaketi chini, akaanza kufungua mafundo, moja moja, kwa meno.

"Unafanya nini?" Nguchiro akapiga kelele. "Hayo ni mafundo yako ya halali."

"Ya halali," Ngiri akasema. "Sikumwibia mtu. Lakini hayaniambii kitu." Akafungua la Swala, akafungua la Kakakuona.

Alipofika la Mbweha, Mbweha akaja mbio. "Kaka, nakuomba, hilo liache. Wanangu wanalijua." Wote wakacheka. Ngiri akalikata fundo lile zima zima, akampa aende nalo nyumbani.

Mwisho mkanda ukabaki mwepesi, una mafundo mawili. Moja la Nyati, bado bichi. Jingine la zamani, limekauka, na lina alama ya damu.

Kanga akasogea, akalitazama. "Hilo ni la Nungunungu," akasema.

"Ndilo," Ngiri akasema. "Nilikuwa nalionea aibu."

Kanga akalidonoa lile fundo mara moja. Halafu akaanza kuimba, yeye aliyekuwa haimbi, kwa sauti yake mbaya ile. Nipigieni makofi:

Ngiri mbele, Ngiri nyuma,
kote anakujua.
Piga goti, inuka tena,
sasa nimemjua.

Tangu siku hiyo, mkimwona Ngiri anakula, anakula kwa magoti. Na akiingia pangoni mwake haingii kichwa kwanza, anaingia kinyumenyume, uso nje, anatazama nani anakuja. Mkewe hamkandi tena paji la uso.

Sasa nyie wawili. Mbaruku, usiniletee hesabu ya aliowaangusha. Na wewe Kidawa, usimtukane mtu kwa kuzaliwa zama za vibonde, hakuchagua azaliwe na nani. Ngano hii inasema hivi: ukitaka kumjua bingwa, tafuta ile siku moja aliyopigwa akaona nyota, uangalie alifanya nini. Ukiiona, utamjua. Na kama huyo bondia wenu siku hiyo haijamfikia, basi semeni hamjui, mle chakula chenu, mlale.

Mimi nimeweka, nyie bebeni.

Tumebeba!

Aliyesinzia njiani akamuulize jirani. Na ungo wangu nirudishieni, kunde zimemwagika.